Daftari Kabla ya Fremu: Mwongozo wa Kutazama na Kutunza Picha kwa Mkazi wa Kinondoni na Temeke

Mtu anayeishi Mbagala, Tandika au Kinondoni Shamba akitaka kuona sanaa ya kisasa ya Tanzania, hakuna jengo moja la kumwelekeza. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ilifunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George wa Tano. Sifa yake kubwa imejengwa juu ya mabaki ya kale, historia na utamaduni wa makabila, na hata baada ya kupanuliwa kuwa Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, picha za kuchora hubaki mgeni anayekaribishwa wakati wa maonesho. Picha zenyewe ziko kwingine. Ziko Oysterbay pale Morogoro Stores, kwenye vibanda na jengo la ushirika wa Tingatinga. Ziko Nafasi Art Space, Mikocheni, ambako tangu mwaka 2008 wasanii wanafanya kazi katika makontena na kuonesha walichofanya. Ziko Mwenge, ziko kwenye kabati la magazeti ya zamani, ziko kwenye kanga zilizokunjwa sandukuni, na ziko sebuleni kwa watu ambao hawajawahi kujiita wakusanyaji wa sanaa. Ninachotaka kukushawishi katika mwongozo huu ni kwamba kinachoufanya mkusanyo uwe makumbusho ni maandishi, wala si ukuta na mlinzi getini. Na kwa kuwa hapa kwetu kazi nyingi hutoka mkononi mwa msanii na kwenda moja kwa moja kwa mnunuzi bila kupita mahali pa kuandikwa, kazi ya kuandika ni yako wewe uliyenazo au unayezitazama.

Linganisha watu wawili waliozaliwa Tanganyika kwa tofauti ya miaka tisa. Sam Ntiro alizaliwa mwaka 1923 Machame, akasoma Makerere na baadaye shule ya sanaa ya Slade, London, na miaka ya mwanzo ya uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Mwaka 1956 alichora wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ilinunuliwa na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, na mpaka leo mtu yeyote anaweza kuuliza akajibiwa: jina la kazi, mwaka, aina ya rangi, vipimo, na fedha za mfuko gani ziliinunua. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akaja Dar es Salaam, akaishi Msasani, akaanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya mafuta juu ya hadibodi, na mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi. Alichora kwa muda wa miaka minne tu, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Ukiuliza picha zake ni ngapi, ipi ilitangulia, na nani alinunua ipi, unaingia kwenye mabishano. Zipo picha zenye sahihi yake ambazo wataalamu wanazikataa. Tofauti ya hali hizi mbili haitokani na kipaji, kwani wapo watakaompenda Tingatinga kuliko Ntiro. Imetokana na karatasi iliyojazwa siku picha moja iliponunuliwa, na karatasi ambayo haikujazwa siku nyingine ilipouzwa nje ya duka la Oysterbay kwa mpita njia aliyekuwa anarudi kwao Ulaya.

Basi ukifika Morogoro Stores, usianze kwa kuuliza bei. Anza kwa kutazama. Picha za mwanzo za Tingatinga na wanafunzi wake wa kwanza kwa kawaida zilikuwa mraba wa karibu sentimita 60, zenye mnyama au ndege mmoja, au kundi dogo la watu, juu ya uwanja wa rangi moja. Hadibodi ilipatikana kwenye ujenzi, na rangi ni ile ya mafuta inayouzwa dukani kwa ajili ya milango na baiskeli. Inang'aa, haichanganyiki kwa urahisi kama rangi za wachoraji, na hukauka polepole, kwa hiyo mchoraji analazimika kusubiri kabla ya kuweka doa juu ya doa. Nukta, mistari iliyonyooka na mipaka mikali ya mtindo ule ilizaliwa kwa sehemu kubwa na tabia ya rangi hiyo. Baadaye utaona uwanja wa nyuma ukibadilika kutoka rangi moja kwenda rangi mbili zinazoyeyukiana, wanyama wakiongezeka, turubai ikichukua nafasi ya hadibodi, na picha za mitaa, hospitali na masoko yenye watu mia wadogo wadogo. Ukishayajua haya, utaweza kukadiria picha iliyo mbele yako ni ya kipindi gani hata kabla ya kuambiwa, na muuzaji akikwambia kwamba simba juu ya uwanja wa machweo uliochanganywa vizuri ni kazi ya mwaka 1970, una sababu ya kutabasamu.

Kisha uliza, kwa adabu na kwa jina la kazi yake: "Fundi, hii umechora mwenyewe au ni ya mwenzako?" Ni swali la kawaida pale, wala hakuna atakayeudhika, maana kibanda kimoja huuza kazi za mikono mingi. Uliza aliyechora anaitwa nani kwa majina yote, alijifunza kwa nani, na aliimaliza lini. Swali la alijifunza kwa nani lina uzito wa pekee. Mtindo huu ulienea kama ufundi wowote wa mjini unavyoenea, yaani kwa ndugu na jamaa kumfundisha ndugu na jamaa. Wanafunzi wa kwanza wa Tingatinga walikuwa akina January Linda, Adeusi, Tedo, Ajaba na Simon Mpata, wengi wao watu wa ukoo na wa kutoka kusini kama yeye. Anayejua mchoraji fulani alikaa kwa nani atajua kwa nini jicho la chui wake limechorwa vile na mkia umepinda vile. Geuza picha nyuma. Mgongo wa hadibodi mara nyingi unasema zaidi kuliko uso: bei iliyoandikwa kwa kalamu, muhuri wa duka, anwani, jina la aliyeagiza. Usiufunike mgongo huo kwa karatasi ya gundi kabla hujaupiga picha.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo ni la zamani: Tingatinga ni sanaa ya watalii, picha moja inarudiwa mara mia, kwa hiyo hakuna cha kuandika. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Wanunuzi wa mwanzo walikuwa wageni waliokaa Oysterbay, na soko hilo limeathiri kinachochorwa, ndiyo maana kuna twiga wengi kuliko tunavyowahitaji. Lakini kwamba kazi ilifanywa iuzwe si kasoro. Picha za mbao za Kijapani, zikiwemo za Hokusai, zilichapwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida mjini Edo, na leo makumbusho za dunia huzifungia kwenye droo zenye giza ili zisififie. Nusu ya pili ndiyo inayohitaji kujibiwa kwa makini. Kurudia kunakuwa tatizo pale tu ambapo hatujui mkono. Picha kumi za ndege wale wale zilizochorwa na watu kumi wanaojulikana, kwa miaka inayojulikana, ni ushahidi mzuri kuliko wowote wa namna mtindo unavyosafiri na kubadilika. Picha hizo hizo zikiwa zimeandikwa "Tingatinga" tu, zinabaki ndege kumi. Kwa maneno mengine, kadiri kazi inavyorudiwa ndivyo maandishi yanavyohitajika zaidi, na anayetumia wingi kama sababu ya kutoandika ameishika hoja kinyumenyume.

Uangalifu huo huo unahitajika kwa George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 kusini, Mmakonde, na aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2005. Alichonga, akachora kwenye ngozi za mbuzi, kwenye batiki, kwenye turubai, na akafanya picha za chapa. Mashetani wake wenye masikio makubwa na midomo iliyofura wamefika mbali, pamoja na maonesho ya Africa Remix yaliyoanzia Düsseldorf mwaka 2004. Miaka yake ya mwisho, afya ikiwa imemwacha, alifanya kazi na wasaidizi, kama wachoraji wengi wenye karakana wanavyofanya duniani kote. Hilo halimpunguzii hadhi, ila linamtaka mmiliki wa kazi yake ajue ni ya mwaka gani na imepatikana wapi, badala ya kutegemea sahihi peke yake.

Lilanga ananileta kwenye jambo ambalo wapenzi wa sanaa mjini hulipita haraka, yaani picha za chapa. Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, iliwapa wasanii kama Lilanga na Robino Ntila nafasi ya kufanya kazi kwenye bamba la chuma. Bamba hupakwa nta, msanii hukwaruza mchoro, asidi hula palipokwaruzwa, wino hujazwa ndani ya mifereji hiyo, kisha karatasi yenye unyevu hukandamizwa juu yake kwa mashine. Nyumba ile iliyokuwa Upanga haifanyi tena kazi hiyo, na picha zake zimetawanyika katika nyumba za watu, nyingi bila fremu. Ikiwa kwenu kuna karatasi nene yenye mchoro wa wino mweusi, uliyoachiwa na mjomba aliyefanya kazi ofisi fulani ya zamani, usiitupe kabla ya kuichunguza. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha: picha ya bamba huacha ukingo uliobonyea kuzunguka mchoro wote, na ukipitisha macho kwa upande unaona wino umeinuka kidogo. Picha ya kuchonga kwenye mbao au lino haina ukingo huo, lakini ina maeneo mapana ya wino na alama za patasi zilizosahaulika kwenye sehemu nyeupe. Picha ya skrini, ufundi ule ule unaochapa fulana, huweka tabaka la wino lililo sawa na zito kiasi. Nakala ya mashine ya kawaida haina lolote kati ya haya. Ukiikuza kwa kioo au kwa kamera ya simu utaona vinukta vya bluu, waridi, njano na nyeusi vimejipanga.

Chini ya picha ya chapa tafuta penseli. Tarakimu kama 7/30 zina maana kwamba hiyo ni nakala ya saba katika nakala 30, wala haina maana kwamba ya kwanza ni bora kuliko ya thelathini. Jina la kazi mara nyingi huwa katikati, na sahihi na mwaka kulia. Penseli hutumika kwa sababu haichuji na ni vigumu kuigiza kwa mashine. Na jambo la kufurahisha kwa hoja yetu ni hili: katika sanaa nzima ya picha, wapiga chapa ndio waliozoea kuandika taarifa juu ya kazi yenyewe, kwa kuwa walijua mapema kwamba watazalisha zaidi ya moja. Wachoraji wa Tingatinga wanaorudia picha wangeweza kuchukua desturi hiyo kesho asubuhi bila gharama yoyote.

Kuna kazi za mchoro zilizo karibu zaidi na mkazi wa Temeke kuliko zote hizi, nazo ni katuni. Jarida la Sani liliuzwa stendi na sokoni, likasomwa na watu ambao hawakuwahi kuingia kwenye jumba lolote la sanaa. Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa na miaka ishirini na kidogo, alimpa msomaji wa Kiswahili akina Ndumilakuwili, Lodilofa na Kazibure, na baada yake wahusika wale wale waliendelea kuchorwa na mikono mingine. Ni hali ile ile ya Tingatinga: mhusika mmoja, wachoraji kadhaa. Anayeweka mkusanyo wa Sani bila kutazama nani amechora toleo lipi ana rundo la karatasi. Aliyeandika toleo, mwezi, mwaka na mchoraji ana historia ya uchoraji wa mjini kwa kipindi ambacho makumbusho haikuwa ikitazama upande huo. Ongeza hapo Kingo wa James Gayo, Kipanya wa Masoud, na michoro ya Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1969 aliyejijengea jina Nairobi. Nani atasema mambo haya si ya makumbusho? Mexico ilikuwa na José Guadalupe Posada, mchonga picha za karatasi za senti chache zenye mifupa inayocheka. Alikufa mwaka 1913, akazikwa kaburi la maskini. Aliokolewa kutoka kwenye usahaulifu miaka ya 1920, kwa sababu karatasi zilikuwa zimebaki mikononi mwa watu na jina la mchapaji wake, Vanegas Arroyo, lilikuwa limechapwa juu ya karatasi hizo. Wenye hamu walijua mlango wa kubisha.

Kwa atakayesema nyumbani kwake hakuna kazi ya sanaa hata moja, namwomba afungue sanduku la mama. Kanga ni mchoro wa kuchapwa, una msanifu, una mwaka, una kiwanda, na makumbusho kama British Museum ya London huiweka kwenye mkusanyo wake. Tena kanga inamzidi Tingatinga kwa adabu ya maandishi: ile yenye alama ya K.H.E. na maneno Mali ya Abdulla pembeni inakupeleka moja kwa moja kwa wafanyabiashara wa Mombasa, na zile za kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kilichoanza mwaka 1968, zinaeleza habari za siasa na sherehe za taifa kwa rangi mbili tatu. Andika nani alivaa na siku gani, kama inajulikana. Nisiseme zaidi, maana wenye kanga wanazijua kuliko mwandishi yeyote.

Sasa kuhusu kwenda kwenye maonesho. Watu wengi hupanda daladala za Makumbusho kila siku na kushuka stendi bila kuingia kwenye Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kilichoipa stendi jina lake. Kimekuwapo tangu miaka ya 1960, na kinaonesha nyumba za makabila mbalimbali. Si mahali pa picha za kisasa kwa maana kamili, lakini nenda kwanza pale, kwa sababu utajifunza kutazama kitu pamoja na lebo yake, uone taarifa gani zimewekwa na zipi hazipo. Halafu nenda Nafasi, Mikocheni, siku ambayo wasanii wako kazini, na uangalie picha ambayo haijaisha. Katika picha iliyokamilika hutaona tena alipofuta na alipobadili mawazo. Maonesho ya pamoja, kama Biennale ya Sanaa ya Afrika Mashariki iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2003, yana faida moja kubwa kuliko nyingine zote, nayo ni katalogi. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu kwenye maonesho, nunua katalogi, wala usione haya kuacha picha. Miaka ishirini baadaye katalogi itakuwa ndiyo ushahidi pekee kwamba picha fulani ilikuwapo mwaka fulani, kwa jina fulani, kwa vipimo fulani.

Ukumbini, chagua kazi tatu na ziache nyingine. Simama mbele ya kila moja kabla ya kusoma lebo, jaribu kukisia nyenzo na mpangilio wa kazi, ni nini kilipakwa kwanza na nini juu yake, kisha soma lebo uone umekosea wapi. Lebo ikisema "msanii asiyejulikana" au ikakosa mwaka, muulize mhudumu. Mara nyingine atakuwa anajua na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Pingamizi zito kuliko yote ni la wajibu. Kwa nini mwananchi wa Chang'ombe afanye kazi ambayo serikali imeunda shirika la kuifanya? Makumbusho ya Taifa ipo kwa sheria, ina watumishi, ina bajeti, na ni haki kuidai ikusanye sanaa ya kisasa kwa nguvu zaidi. Hoja hiyo naikubali yote, na bado haibadilishi ushauri wangu, kwa sababu makumbusho yoyote hata iwe tajiri namna gani huanzia pale mmiliki alipoishia. Mtunzaji wa makumbusho akipelekewa picha nzuri isiyo na mwaka, isiyo na jina, isiyojulikana imepitia mikono ya nani, ana sababu nzuri za kuikataa: inaweza kuwa ya kuigiza, inaweza kuwa ya wizi, na hata ikiwa halali hataweza kuitumia kueleza chochote. Taarifa ambazo hazikuandikwa wakati msanii yu hai na muuzaji anakumbuka haziwezi kutengenezwa baadaye kwa bajeti yoyote. Kwa hiyo anayesubiri serikali ianze anaichelewesha.

Daftari lenyewe liwe la kawaida, la jalada gumu. Kila kazi ipe namba, na namba hiyo uiandike kwa penseli laini nyuma ya karatasi kwenye kona, au kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi nyuma ya fremu, kamwe usiandike kwa kalamu ya wino wala mbele ya picha. Kwenye daftari andika jina la aliyefanya na jinsi lilivyoandikwa kwenye sahihi, kwa kuwa mara nyingi hayafanani. Andika mwaka, au makadirio pamoja na sababu ya makadirio hayo. Andika nyenzo: rangi ya mafuta juu ya hadibodi, wino juu ya karatasi, chapa ya lino. Pima urefu kabla ya upana, kwa sentimita, bila fremu. Andika imetoka kwa nani, lini, kwa kiasi gani na mahali gani, na ukiweza bandika risiti. Andika pia maneno ya msanii kuhusu picha kama alivyoyasema, bila kuyapamba. Hapo wengi huteleza, wanaandika wanachodhani picha inamaanisha na kumsahau aliyeichora. Tenganisha mambo hayo mawili kwa mstari. Piga picha kwa simu mbele, nyuma na kwenye sahihi, ukiwa kivulini na bila flashi, na uhifadhi nakala mahali pengine mbali na simu hiyo. Kumbuka pia kwamba kumiliki picha hakukupi haki ya kuichapa kwenye fulana au kalenda. Haki ya kunakili hubaki kwa msanii na warithi wake mpaka sheria ya hakimiliki iseme imekwisha.

Baada ya daftari ndipo fremu, na hapa hali ya hewa ya pwani haina huruma. Wataalamu wa uhifadhi huogopa unyevu wa hewa unaozidi asilimia 65 kwa muda mrefu, maana hapo kuvu hupata uhai, na Dar es Salaam huvuka kiwango hicho mara nyingi, hasa masika, Machi hadi Mei. Hutaweza kuibadilisha hewa, unaweza kuiacha ipite. Usitundike picha kwenye ukuta wa nje unaotoa jasho wakati wa mvua. Bandika vipande vidogo vya kizibo au mpira kwenye pembe za nyuma za fremu ili hewa ipate nafasi kati ya picha na ukuta. Mafundi wa Keko na Chang'ombe watakutengenezea fremu nzuri ya mbao, ila mweleze fundi mambo mawili: kioo kisiguse karatasi, na asigundishe mchoro kwenye hadibodi ya nyuma, kwa kuwa hadibodi ina asidi inayoifanya karatasi iwe kahawia. Picha ya rangi ya mafuta juu ya hadibodi haihitaji kioo, inahitaji kufutwa vumbi kwa brashi laini na kuepushwa na kitambaa chenye maji, kwani hadibodi ikinywa maji pembeni hufura na rangi hupasuka. Magazeti na majarida yaweke yakiwa yamelala kwenye boksi, gizani, juu ya kabati, mbali na sakafu, kwa ajili ya mchwa na kwa ajili ya mafuriko ambayo mitaa ya mabondeni inayajua vizuri. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa ambazo mwanga huzigeuza manjano, kwa hiyo ukurasa uliotundikwa ukutani una miaka michache tu. Selotepu hapana. Laminesheni hapana kabisa: huifunga karatasi pamoja na asidi yake, na haitoki tena.

Atakayesema gharama hizi ni za wenye nacho, atazame tena orodha hiyo: daftari, penseli, rula, boksi, simu ambayo tayari anayo. Fremu inaweza kusubiri mwaka, kwani picha iliyolala gizani kwenye boksi mara nyingi iko salama kuliko iliyotundikwa juani. Ni taarifa tu ambazo hazisubiri, kwa sababu aliye nazo anazeeka.

Ikifika siku unataka kutoa kazi, iwe kwa Makumbusho ya Taifa, kwa chuo au kwa maonesho ya mtaa, anza na barua na wala usianze na mzigo. Ambatisha nakala ya ukurasa wa daftari na picha tatu za simu, eleza kama unatoa moja kwa moja au unaazima, na kama unaazima taja tarehe ya kurudishwa na nani atabeba gharama ikiharibika. Omba fomu ya kupokelea yenye sahihi na namba ya kazi katika kumbukumbu zao, kisha namba hiyo uiandike kwenye daftari lako pembeni ya ile ya kwanza. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na uihifadhi pamoja na kazi. Mwenye kuirithi atataka kujua kwamba ilishapelekwa, kwa nani, na ulijibiwa nini.